Uzi maalumu: Karatasi iliyolowa, kuoza au kuungua. Weka chini hiyo selotepu kwanza

#1 Fundi Karatasi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya wiki chache napokea ujumbe wa faragha wa aina ileile. Kuna daftari la marehemu babu, au barua, au cheti cha zamani, limelowa, limegandana, limeliwa na mchwa, "mkuu, dawa yake nini?" Na karibu kila mara swali linakuja siku tatu baada ya mwenyewe kujaribu dawa zake. Naandika mara moja hapa, atakayeuliza tena nitamrusha kwenye uzi huu.

Kazi yangu ni kuhifadhi nyaraka, huu mwaka wa 14. Zile mbovu kabisa zinazofika mezani kwangu, nyingi zilijeruhiwa na maji au wadudu, kisha zikamaliziwa na mwokoaji. Pasi. Draya ya nywele. Gundi nyeupe ya mbao. Kuanika juani. Na mama yao wote, selotepu.

Selotepu ikiwa mpya inapendeza, na hapo ndipo inapowakamata watu. Miaka inavyokwenda gundi yake inalainika na kuzama kwenye nyuzi za karatasi, inageuka njano, kisha kahawia. Utepe wenyewe unakauka na kudondoka, gundi inabaki imekuwa ngumu kama kucha. Wataalamu waliounganisha vipande vya magombo ya Bahari ya Chumvi (maandiko ya kale ya Kiyahudi) miaka ya 1950 walitumia utepe huohuo (mengi ya magombo yale ni ngozi, lakini kosa ni lilelile), na wahifadhi waliowafuata wametumia miongo kadhaa wakiubandua. Wale walikuwa wasomi wakubwa, kwa hiyo usijione mjinga. Ila acha.

Sasa tuielewe karatasi yenyewe, maana bila hili yanayofuata yataonekana uganga. Karatasi ni nyuzi za selulosi zilizokumbatiana. Kila uzi ni minyororo mirefu ya molekuli, na asidi kazi yake ni kuikatakata minyororo hiyo. Zamani karatasi za Ulaya zilitoka kwenye matambara ya kitani na pamba: nyuzi ndefu, imara. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig akatoa njia yake ya kuzuia wino usitawanyike, kwa utomvu wa msonobari na shabu. Njia ilikuwa rahisi na viwanda vikaipenda, lakini shabu ikikutana na unyevu inazaa asidi. Baadaye karne hiyohiyo wakaanza kusaga miti yenyewe kuwa karatasi. Ndiyo maana kitabu cha miaka ya 1500 unaweza kukifunua kama kitambaa, halafu gazeti la mwaka 1930 linakuvunjikia mkononi kama jani kavu. Umri peke yake haukuambii kitu.

Kabla hujagusa chochote, piga picha. Kila upande, na mwanga wa pembeni ili mikunjo ionekane. Vipande vilivyodondoka, hata kama ni vidogo kama punje, vitie kwenye bahasha na uandike vimetoka ukurasa gani. Usitupe chenga hata moja. Nimewahi kurudisha tarakimu ya mwisho ya mwaka kutokana na chenga iliyokuwa chini ya boksi.

Nitaendelea. Ulizeni.

#2 Ukurasa wa Mwisho

Shusha nondo mkuu, nimeweka kambi hapa.

#3 Fundi Karatasi

Hao nondo ndio wanaonipa kazi. Wako kwenye maboksi huko wanashusha wenyewe.

#4 Binti Kalamu

Mkuu nina msiba wa karatasi. Paa limevuja juu ya sanduku la mzee wetu, tumegundua jana jioni. Kuna daftari la kurasa 80 (karatasi 40 nimehesabu kwa pembeni), limelowa chepechepe, katikati limekuwa donge. Jalada lina kitu cha kijani chenye manyoya. Kurasa za mwanzo ni wino wa kalamu ya kujaza na unaanza kusambaa, za nyuma ni peni ya kawaida. Mdogo wangu ameliweka juani kama saa moja, nikalitoa. Nilifungue nianze kutenganisha?

#5 Fundi Karatasi

Dada, usilifungue. Na mshukuru mdogo wako kwa nia yake, ila jua hapana: nje panakauka na kujikunja wakati ndani bado ni maji, na mwanga unapausha wino.

Kwenye unyevu kuvu huhitaji saa 48 hivi kuanza kutambaa, na wewe kwenye jalada wameshafika. Liweke kwenye mfuko safi wa plastiki, lilale bapa juu ya kipande cha ubao au kadibodi ngumu, uliingize kwenye friza sasa hivi. Kama friza inafika nyuzi 20 chini ya sifuri ni bora zaidi, maana likiganda haraka chembe za barafu zinakuwa ndogo. Baridi haiui kuvu, inawalaza tu. Inakununulia muda, wiki au miezi, ya kufikiri bila kukimbizana. Unapolishika vaa glavu na barakoa nzuri ya N95, usilinuse kujua limeoza kiasi gani. Watu wananusa!

Isipokuwa: kama humo sandukuni kuna picha za zamani za kioo, hizo usigandishe. Zitenge, ziache zikauke zikiwa zimesimama.

Tuliokuja nyuma tumejifunza hili kwa maumivu ya wengine. Novemba 4, 1966 mto Arno ulivunja kingo na kuingia Florence, Italia. Maktaba ya Taifa pale ilipata vitabu na nyaraka zaidi ya milioni moja vilivyolowa maji, matope na mafuta ya kupashia majengo joto. Vijana walijipanga mstari ngazini wakipokezana vitabu mkono kwa mkono. Kugandisha bado hakukuwa desturi, kwa hiyo vitabu vilimwagiwa unga wa mbao ufyonze maji, vingine vikapelekwa hata kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku. Mwingereza Peter Waters aliongoza kazi ya ukarabati pale, baadaye akaenda Maktaba ya Bunge la Marekani, na ni kutokana na watu wa kizazi kile kwamba leo neno la kwanza kwa kitabu kilicholowa ni "gandisha".

Ukishaliweka friza rudi hapa nikupe hatua ya pili.

#6 Kichwa Ngumu

Samahani mleta uzi, sisi wengine hatuelewi. Dunia ya simu hii mnahangaika na makaratasi yaliyooza? Piga picha, tupa. Kwisha habari.

#7 Fundi Karatasi

Utapigaje picha ukurasa ulio ndani ya donge, mkuu?

Lakini nitakujibu kwa heshima, maana nusu ya hoja yako ni kweli. Gazeti ambalo nakala zake ziko maktaba tano, na karatasi yake imeshakuwa biskuti, mimi mwenyewe nasema liskani, litie kwenye boksi lisilo na asidi, usilipotezee wiki. Ila hati ya mkono haiishii kwenye maneno. Kuna alama ya maji ya kiwanda unayoiona ukiinua karatasi mbele ya dirisha. Kuna penseli iliyofutwa ikaacha mfereji, kuna matundu ya sindano yanayokuambia barua mbili zilikaa pamoja. Picha inachukua kile ulichojua kukitafuta siku uliyopiga.

#8 Mzee wa Faili

Nilaumuni. Cheti cha ndoa cha wazazi kilikuwa kimechanika mikunjoni, nikakilaminisha mwaka jana. Kinatoka?

#9 Fundi Karatasi

Hakuna wa kukulaumu mzee wangu, hata wenye nyaraka za serikali walifanya hivyo. Marekani, kuanzia miaka ya 1930, William Barrow alikuwa anafunika nyaraka kwa asetati ya selulosi kwa joto na mashinikizo, na maktaba kubwa zikampelekea. Huyuhuyu baadaye ndiye aliyefanya utafiti mkubwa wa kuonyesha asidi inavyoua karatasi. Ajabu ya dunia. Leo kuna wahifadhi wanaolowesha nyaraka zile kwenye asetoni kuzivua plastiki moja moja.

Laminesheni ya dukani ni tofauti, gundi yake inayeyukia ndani ya karatasi kwa joto, na kuitoa ni kazi ya maabara yenye kivuta mvuke. Usijaribu nyumbani kwa kisu wala kwa joto. Kiache kilivyo, kiweke gizani, kilale bapa, pasiwe na joto. Kipige picha nzuri. Kwa cheti kingine kisichogandishwa na plastiki, tumia mfuko wa polista angavu uliofungwa pande mbili tu, karatasi inaingia na kutoka bila gundi. Polista, si ile plastiki laini inayonuka ukifungua pakiti. Na kama maandishi ni ya mkaa au penseli laini, achana hata na polista, maana umeme tuli wake unainua unga wa mkaa.

Nikumbuke na risiti na karatasi za faksi. Zile hazina wino, rangi inatoka kwenye karatasi yenyewe ikipashwa joto. Ukiipiga pasi au ukiilaminisha inakuwa nyeusi tii. Nakili mapema.

#10 Ukurasa wa Mwisho

Mkuu, Binti Kalamu aligusia wino wa kalamu ya kujaza. Mimi nina barua za kahawia za karne ya 19, baadhi ya herufi zimetoboka kabisa kama zimechomwa. Ni wadudu?

#11 Fundi Karatasi

Si wadudu. Huo ni wino wa chuma. Walichukua vivimbe vinavyoota kwenye mti wa mwaloni, wakachanganya na salfeti ya chuma na gundi ya mti. Ulaya iliandika kwa wino huo karne na karne. Unaandika ukiwa hafifu, ukipata hewa unakuwa mweusi, miaka ikipita unakuwa kahawia. Shida yake mbili: una asidi, na una ayoni za chuma zisizofungwa na kitu, zinazochochea selulosi kuungua polepole bila moto. Pale mwandishi alipokandamiza kalamu au kurudia mstari ndipo panapotangulia kupasuka. Mwishowe herufi inadondoka yenyewe, inaacha dirisha lenye umbo la herufi. Ukishika barua kama hiyo mbele ya mwanga unasoma kwa matundu.

Hapa niseme aibu yangu. Mwaka wa pili kazini nilichukua barua ya namna hiyo nikaiogesha kwa maji safi, kama nilivyozoea kuogesha karatasi zenye asidi. Ndani ya dakika kumi kila mstari ukawa na ukungu wa kahawia pembeni. Chuma kilikuwa kimesafiri na maji, kimehamia kwenye karatasi iliyokuwa nzima. Hakirudi. Barua ile nilirudisha kwa mwenyewe nikiwa sina la kusema, naye hakusema kitu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Siku hizi tunapima kwanza kwa kijikaratasi cha kipimo kinachogeuka rangi ya waridi kikikuta chuma huru. Kikigeuka, mgonjwa haendi kwenye maji matupu. Wanaofaa kuogeshwa wanapewa fitati ya kalisi, dawa iliyotengenezwa Uholanzi miaka ya 1990: fitati inakishika chuma kikashindwa kuchochea, kisha bikaboneti ya kalisi inaua asidi. Hilo ni la maabara. Nyumbani kwako barua hizo usizikunje, usizikunjue, usizitie unyevu. Kila moja kwenye folda yake.

#12 Mzee wa Faili

Na mchaniko wa kawaida, karatasi nzima isiyo na wino wa hatari? Au kila kitu ni maabara?

#13 Fundi Karatasi

Hapana mzee, huo unaweza. Na ndiyo sehemu ninayoipenda, niruhusuni nirefuke.

Unahitaji karatasi ya Kijapani ya kozo (mti wa jamii ya mforosadi). Nyuzi zake ni ndefu ajabu, kwa hiyo inaweza kuwa nyembamba mno na bado ikavuta uzito. Karatasi ya fotokopi ina gramu 80 kwa mita ya mraba. Iko ya kozo yenye gramu 2. Ukiipulizia inaondoka mezani, ukiilaza juu ya maandishi unayasoma kana kwamba haipo.

Usiikate kwa mkasi. Chora mstari wa maji kwa brashi ndogo, subiri kidogo, kisha ivute taratibu pande mbili. Itaachana pale ulipolowesha, na ukingo utabaki na ndevu. Ndevu hizo ndizo zinazofanya kazi. Ukingo wa mkasi ni kama ukuta: siku karatasi dhaifu ikikunjwa, itavunjikia palepale pembeni ya kiraka. Ndevu zinatawanya mvuto, ukipitisha kidole husikii kiraka kinaanzia wapi.

Gundi ni wanga mtupu wa ngano, siyo unga. Upike na maji kama nusu saa huku unakoroga mpaka uwe mzito na wa kung'aa, uache upoe, uupitishe kwenye chujio laini mara mbili au tatu, kisha uongeze maji kidogo kidogo. Paka kiraka juu ya kioo, kiinue kwa kibano, kilaze nyuma ya mchaniko (kingo zikiwa zimeshakutanishwa, nyuzi juu ya nyuzi), gonga kwa brashi kavu. Juu na chini weka kitambaa cha polista kisichoshikana na gundi, kisha karatasi ya kufyonza maji, kisha kioo na uzito. Badilisha karatasi ya kufyonza baada ya dakika kumi, kisha liache mpaka kesho. Kesho, si jioni. Ukitoa mapema inajikunja.

Kabla ya yote jaribu wino: tone dogo la maji kwenye nukta moja isiyo na maana, gusa kwa karatasi ya kufyonza. Ikiondoka na rangi, simama.

#14 Stoo ya Vitabu

Mleta uzi uko sahihi, ila mimi wanga nimeuacha. Sehemu zenye unyevu unaita wadudu na kuvu. Natumia methili selulosi, haiozi haraka, huipiki, na ukitaka kuitoa unalowesha tu.

#15 Fundi Karatasi

Sikatai. Kwa kazi laini na kwa karatasi nyembamba sana hata mimi naitumia. Ila nguvu yake ni ndogo, kwenye mkunjo unaofunguliwa kila siku itaachia. Kuhusu wadudu, chumba chenye unyevu kupita asilimia 65 hakikuokoi hata ukitumia gundi gani. Tibu chumba. Tunachokubaliana wote wawili ni kwamba gundi yoyote tunayoweka, atakayekuja baada yetu aweze kuitoa.

#16 Kichwa Ngumu

Haya nimebaki kusoma. Swali la kweli sasa: kilichoungua je? Jivu si jivu?

#17 Fundi Karatasi

Karibu kambini mkuu.

Jivu jeupe, ndiyo, hakuna kitu. Lakini kitabu kilichofungwa kinaungua vibaya, hewa haiingii ndani. Kingo zinakuwa mkaa, katikati maandishi yapo. Usiku wa Septemba 2, 2004 maktaba ya Duchess Anna Amalia kule Weimar, Ujerumani, iliwaka. Vitabu kama 50,000 viliteketea, vingine kama 62,000 vikaharibiwa na moto na maji ya wazima moto. Vilivyolowa vilikimbizwa Leipzig vikagandishwa, kisha vikakaushwa ndani ya ombwe: shinikizo likishuka vya kutosha, barafu inaondoka kama mvuke bila kupitia hali ya maji, kwa hiyo kurasa hazipati nafasi ya kugandana.

Halafu kuna vile wanavyoviita "vitabu vya jivu", mafungu ya karatasi zenye kingo nyeusi, bila jalada. Wamevifanyia kazi miaka mingi, karatasi kwa karatasi. Inaoshwa, kisha uji wa nyuzi mpya unamiminwa, maji yanavutwa kupita chini, na kwa kuwa maji hukimbilia penye tundu, nyuzi nazo zinakwenda kujaa hapohapo. Ukurasa unapata ukingo mpya kama ulivyozaliwa nao. Mwisho unafunikwa na karatasi ya Kijapani nyembamba ya namna ile niliyosema.

Na kama hakifunguki kabisa? Gombo la En-Gedi, kando ya Bahari ya Chumvi, lilipatikana mwaka 1970 likiwa kipande cha mkaa (hilo pia ni ngozi). Halikuguswa miaka 45. Kisha likapigwa picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, na kundi la Brent Seales wa Chuo Kikuu cha Kentucky likalifungua ndani ya kompyuta. Likasomeka: sura za mwanzo za Mambo ya Walawi. Angekuwepo mwaka 1970 mtu jasiri mwenye kisu, tusingekuwa na kitu.

#18 Binti Kalamu

Wakuu nimerudi. Kwa wasiojua, mleta uzi amenielekeza kwa faragha wiki sita hizi. Nieleze ilivyokwenda huenda ikamfaa mwingine.

Nililihamisha kutoka friza nikaliacha ndani ya friji ya kawaida usiku kucha liyeyuke polepole. Asubuhi meza, barakoa, glavu, madirisha wazi. Nilianza na kurasa za nyuma, za peni, maana wino wa peni ni wa mafuta na haukuwa umehama hata kidogo. Unalaza karatasi angavu ya polista juu ya ukurasa wenye unyevu, unaupapasa, ukurasa unashika plastiki wenyewe, halafu unainua plastiki kwa kona huku unaingiza kijiti bapa cha mfupa chini. Ukurasa unakuja ukiwa umebebwa. Wa kwanza ulinichukua dakika 25 na nikatoka jasho. Wa kumi, dakika tatu.

Zile za kalamu ya kujaza sikuzipa unyevu wa ziada kama nilivyoambiwa. Mistari imekuwa kivuli cha buluu, lakini inasomeka ukiinamisha taa. Kuvu waliobaki kwenye jalada niliwaondoa kwa brashi laini nje ya nyumba baada ya kukauka, mbele ya mdomo wa kivuta vumbi chenye kichujio cha HEPA (kile kinachonasa hata vumbi dogo kabisa).

Karatasi 33 kati ya 40 zimeachana. Kwenye moja mzee ameandika majina yetu wote na saa tuliyozaliwa. Mimi nilikuwa najua tarehe tu.

Saba za katikati hazijakubali. Nilijaribu kona moja ikaanza kuchubuka, maandishi yakataka kubaki upande wa pili. Nimeacha.

#19 Fundi Karatasi

Umefanya vema kuacha. Likaushe donge hilo chini ya uzito mwepesi, karatasi za kufyonza juu na chini, kisha folda na boksi. Kwenye folda andika ni karatasi ya ngapi hadi ya ngapi na tarehe uliyoacha kazi. Kwa penseli, dada, siyo peni.